Aliyepumzika kwa Niaba Yetu

Katika nchi ya Stahamala hakuna mfanyakazi aliyewahi kufanya kazi kupita kiasi. Nalijua hilo kwa sababu lilitangazwa redioni, na aliyelitangaza alilisema mara mbili.

Mimi nilikuwa karani wa mahudhurio katika Kiwanda cha Taifa cha Magunia. Kazi yangu ilikuwa kuandika nani ameingia na nani ametoka, ingawa safu ya kutoka haikunipotezea wino mwingi. Nasimulia haya bila kinyongo na mtu. Sisi Wastahamala si watu wa vinyongo. Tunayo Sheria ya Kazi nzuri kuliko za majirani zetu wote. Inasema mtu afanye kazi saa nane kwa siku, apumzike siku moja kwa juma, na kila mwaka apewe siku ishirini na nane za likizo akaone watu wake. Kitabu chenyewe kiko pale getini, ndani ya kabati la kioo. Kabati limefungwa kwa kufuli na ufunguo uko wizarani, ili sheria isichakae kwa kushikwashikwa.

Hizo saa nane tulizifanya, wala hakuna aliyezilalamikia. Tulianza saa kumi na mbili asubuhi, na ilipofika saa nane mchana zilikuwa zimekwisha. Kuanzia hapo mpaka jua lizame tulifanya Saa za Uzalendo. Zamani ziliitwa ovataimu, lakini Serikali iliona jina hilo linamvunjia mtu heshima, kana kwamba anaidai nchi yake. Siku jina la zamani lilipozikwa, Bwana Meneja alitukusanya uwanjani akatuuliza, "Nani kati yenu aliyewahi kumdai mama yake ujira wa kumpenda?" Tukatazamana, tukamkosa mtu huyo. Tukarudi mashineni.

Jumapili tulipumzika, kama sheria inavyotaka. Tulipumzika kwa kusafisha mashine.

*

Bi Zamoyoni Mkumbo alikuwa mfumaji wa mashine namba kumi na moja. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na saba, mrefu, mkimya, mwenye kikohozi cha vumbi la mkonge kama sisi wote, ila chake kilikuwa na adabu. Alikohoa akiwa amegeukia ukutani. Alikuwa na miaka kumi na saba kiwandani bila likizo hata moja. Daftari langu ndilo lililosema hivyo, na kumhusu yeye daftari langu lilikuwa bado linasema kweli.

Jumatatu moja, wakati wa chai, alikuja dirishani kwangu.

"Karani," akaniambia, "mama anapofuka."

"Pole dada. Macho yote mawili?"

"La kushoto limekwisha zima. La kulia, mganga wa zahanati kasema halitavuka miezi miwili."

"Umeongea naye?"

"Jana, kwa simu ya mdogo wangu Nyanzala. Nikamwambia, mama, si unanisikia? Akasema, sauti yako ninayo, mwanangu, sauti haihitaji macho. Ni uso ninaoutaka. Miaka kumi na saba sijakuona. Njoo nikutie ndani kabla mlango haujafungwa."

Kwao ni Ruvundwe, siku moja ya lori na siku moja ya miguu. Jumapili haikutosha kufika, sembuse kurudi, hata kama mashine zingejisafisha zenyewe. Alikuwa anaomba siku saba tu katika zile zake zote. Nikampa fomu.

Fomu ya likizo ilikuwa ya haki kabisa. Karatasi ya kwanza ilimtaka mwombaji athibitishe kwamba amechoka, maana asiyechoka hana haja ya likizo. Karatasi ya pili ilimtaka athibitishe kwamba hajachoka, maana aliyechoka ni mgonjwa, na mgonjwa haendi likizo, anakwenda hospitali. Zote mbili zigongwe muhuri na daktari wa kiwanda, siku moja, saa moja. Daktari wetu alikuwa mtu mkweli. Alizitazama karatasi za Bi Zamoyoni kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama nimebakiwa na nakala nyingine, za kwake.

Ikabidi Bi Zamoyoni aende kwa Bwana Meneja. Nilikuwapo, kwa sababu ni mimi niliyeshika daftari.

"Likizo?" Bwana Meneja akasema, na akalirudia neno lile taratibu kama mtu aliyeokota kitu asichokijua. "Bi Zamoyoni, nikuulize swali la kizalendo. Jua linakwenda likizo?"

"Usiku halipo, Bwana Meneja."

"Usiku liko zamu ya upande wa pili!" Akapiga meza. "Mama yako ni mmoja. Magunia ni mengi. Tukikosa magunia, taifa litaweka wapi mavuno yake?"

"Mavuno gani, Bwana Meneja? Mwaka huu mvua haikunyesha."

"Ndiyo maana nataka magunia yawe tayari," akasema Bwana Meneja, na mazungumzo yakaishia hapo.

*

Sasa nimtaje Pazi Lugendo, maana bila yeye haya yasingetokea.

Pazi alikuwa fundi wa mashine, jirani wa Bi Zamoyoni katika kota za kiwanda. Ukuta mmoja uliwatenganisha. Miaka sita kabla ya hapo Pazi alishikwa na kichomi kilichomlaza majuma matatu, na mfanyakazi aliyelala majuma matatu huwa haamkii kazini tena. Bi Zamoyoni alimpikia uji akamlisha kwa kijiko asubuhi kabla ya king'ora. Kisha mchana alifuma kwenye mashine yake huku akikimbilia mashine za wenzake kutia mafuta na kukaza nati, kusudi pengo la Pazi lisionekane. Nami, Mungu anisamehe, kila siku niliandika "Yupo". Alipopona aliapa mbele yetu kwamba yule si jirani tena, ni dada. Tangu siku hiyo wakaitana hivyo, dada Zamo na kaka Pazi.

Aliposikia habari ya macho ya mama yake Zamo, Pazi alipanda juu ya robota la mkonge akazima swichi kubwa ya mashine zote.

"Ndugu zangu!" akapaza sauti. "Nani hapa aliyewahi kwenda likizo?"

Hakuna mkono ulioinuka.

"Nani anayeijua sheria ile kwenye kioo zaidi ya jalada lake? Dada yetu huyu anaomba siku saba akamwone mama yake kabla hajapofuka. Hakuomba gunia la mtu. Ameomba siku zake! Leo ni mama wa Zamo. Kesho ni nani?"

"Wetu!" tukaitika.

"Basi mashine zilale!"

Zikalala. Ndipo niliposikia, kwa mara ya kwanza, kwamba kiwandani kwetu kuna ndege. Walikuwa wamejenga darini miaka yote ile na sisi hatukujua kama wanaimba. Watu mia nne na kumi na wawili tulikaa chini kwenye vumbi tukawasikiliza, na baadhi yetu walilia bila kueleza wanalia nini.

Serikali haikutukasirikia. Kesho yake Wizara ya Kazi na Mapumziko ilileta jibu kwamba iko tayari kuzungumza, ila na mtu mmoja tu, kwa kuwa chumba cha mazungumzo kina viti viwili. Tukamchagua Pazi kwa kauli moja. Mtunza stoo akampa koti lake, mpishi wa kantini akampa viatu, na Bi Zamoyoni akamfungia viazi na mayai ya kuchemsha ya njiani.

Asubuhi ya kuondoka, Pazi alitoa karatasi ndefu iliyokuwa tupu kabisa upande wa juu.

"Nipeni sahihi zenu hapa chini," akasema. "Sahihi zenu ndizo nguvu zangu. Maneno ya juu nitayajaza huko huko, nikishajua wanataka yaandikwe vipi."

Bi Zamoyoni alikuwa wa kwanza kutia sahihi. Alipomaliza akamtazama.

"Kaka Pazi, usije ukatujazia vibaya."

"Dada Zamo!" Pazi akashika kifua. "Mimi nikujazie vibaya wewe? Wewe uliyenilisha uji kwa kijiko?"

Alikuwa na machozi. Nimefikiri sana juu ya machozi yale na mpaka leo naamini yalikuwa ya kweli.

*

Majuma matatu yakapita. Mashine zilikuwa zimeamshwa, kwa sababu tuliambiwa si uungwana kugoma wakati mazungumzo yanaendelea. Bi Zamoyoni aliacha kuja dirishani. Alimpigia Nyanzala kila Jumapili na kuuliza neno moja tu, "Bado?" Naye Nyanzala alimjibu, "Bado anaona."

Ijumaa moja, wakati wa chakula cha mchana, kipaza sauti cha kantini kilikoroma, kisha tukamsikia Mheshimiwa Waziri wa Kazi na Mapumziko mwenyewe.

"Wafanyakazi wa Stahamala!" alisema. "Kilio chenu kimetufikia, nasi tumelia pamoja nanyi, ofisini. Leo natangaza kwamba likizo zenu zote mlizocheleweshewa zimetolewa! Hakuna siku hata moja itakayobaki!"

Kantini nzima ikasimama. Mtu alimwaga maharage yake na hakuyatazama.

"Hata hivyo," Mheshimiwa akaendelea, "tuangalie wenzetu walioendelea. Je, mwananchi huenda bungeni mwenyewe kusema? La, anaye mbunge wa kumsemea. Je, huenda vitani mwenyewe? La, anaye askari wa kumpigania. Basi kwa nini apumzike mwenyewe, kama mtu wa kale? Kuanzia leo tunayo Likizo ya Uwakilishi! Likizo zenu zitapumzikwa kikamilifu, kitaalamu, na mtu mliyemteua ninyi wenyewe kwa sahihi zenu. Namtangaza Mpumzikaji Mkuu wa Wafanyakazi, Mheshimiwa Pazi Lugendo!"

Lazima niseme ukweli. Tulipiga makofi. Tulilisikia jina la mtu wetu na makofi yakatutoka kabla maneno hayajafika kichwani. Halafu yakaanza kupungua, meza moja baada ya nyingine, mpaka mtunza stoo akauliza, "Ngojeni kwanza. Anayepumzika ni nani?"

Bi Zamoyoni ndiye aliyeacha kupiga makofi wa mwisho. Akanigeukia.

"Karani, wamesema sahihi zipi?"

Nilijifanya natafuta kalamu.

*

Mwezi haukuisha, Mheshimiwa Mpumzikaji Mkuu akaja kututembelea. Gari lake lilikuwa jeusi, refu, na pale mbele ambapo magari ya wakubwa huwa na bendera, lake lilikuwa na mto mdogo wa hariri. Alitolewa garini akiwa amekaa kwenye kiti, kwa sababu kutembea ni kazi. Msaidizi wa kwanza alishika mwavuli, wa pili alishika daftari, na wa tatu alikuwa wa kutupungia mkono kwa niaba yake.

Alikuwa amenenepa. Shingo ilikuwa imezama kwenye mabega, na macho yalikuwa na uzito wa mtu aliyeamshwa.

Bwana Meneja alitoa hotuba ya kumkaribisha iliyochukua saa nzima, nasi tuliisikiliza tumesimama. Ilipokwisha, Bi Zamoyoni alipita katikati ya watu akamfikia kwenye kiti.

"Kaka Pazi."

"Mheshimiwa haitwi kaka saa za mapumziko," msaidizi wa daftari akasema.

"Yanakwisha saa ngapi?"

Msaidizi akafunua kurasa. "Wafanyakazi mia nne na kumi na wawili, kila mmoja na miaka yake. Kwa hesabu ya sasa, yatakwisha baada ya miaka mia nne sabini na minne."

Pazi akafumbua jicho. "Mwacheni, ni dada yangu. Sogeeni pembeni."

Wakasogea, mimi nikabaki, kwa sababu karani hahesabiwi kama mtu.

"Dada Zamo, usinitazame hivyo," Pazi akasema kwa sauti ya chini, na kwa kitambo ilikuwa ile sauti yake ya zamani, ya ukuta wa pili. "Wewe huwajui. Waliniingiza kwenye kile chumba. Kweli kina viti viwili. Kimoja cha mbao, kimoja cha sofa. Wakaniambia, chagua pa kukaa."

"Ukachagua."

"Mgongo wangu unaujua."

"Naujua. Nimeusugua kwa mafuta majuma matatu." "Ulitujazia nini, Pazi?"

"Walichonisomea." Akageuza uso. "Unadhani ni rahisi? Nalala mpaka mbavu zinauma. Watu mia nne wako juu yangu. Nikiamka mapema nahisi nimemdhulumu mtu."

Sikujua kama nicheke. Bi Zamoyoni hakucheka. Akachutama mbele ya kiti chake.

"Sikuja kugombana. Mama yangu anaona kwa jicho moja, nalo limebakiwa na siku chache. Sitaki hizo siku zingine, pumzika wewe. Nipe saba."

Pazi akajiinua kidogo kitini. Kisha akashika bega lake. "La mama sijalisahau. Hilo nitalishughulikia mimi mwenyewe, tena juma hili. Nipe jina lake na mahali anapokaa."

Uso wa Bi Zamoyoni ukafunguka kama dirisha. Alidhani kibali cha safari kinahitaji anuani, na kwamba kuna mtu atakayetangulia kwenda kuihakiki. Akamweleza yote, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni asipotee: Bi Kalunde wa Ruvundwe, ukishuka kwenye daraja la mbao fuata njia ya mashamba ya ulezi, nyumba ya tatu, yenye ukuta wa chokaa.

"Mwite kwa sauti kwanza," akaongeza. "Ukitokea kushoto atashtuka, huko haoni."

"Nimeelewa," Pazi akasema, na akafumba macho, kwa kuwa msaidizi alikuwa ameonyesha saa.

Jioni ile Bi Zamoyoni alimpigia simu Nyanzala. Nilimsikia kutoka barazani, akicheka, jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwake. "Mwambie mama nakuja," alisema. "Mwambie juma hili."

*

Siku ya tisa baadaye gazeti la Serikali lilibandikwa kwenye ubao, kama kawaida. Ukurasa wa mbele ulikuwa na herufi kubwa: MFANYAKAZI AENDA LIKIZO, AMWONA MAMA YAKE. Chini yake palikuwa na picha. Pazi Lugendo amekaa kwenye kigoda mbele ya ukuta wa chokaa, na kikongwe aliyevaa kanga safi ameinama kumwelekea, karibu kabisa, jicho moja limekazwa usoni pake. Maneno ya chini yalisema, "Bi Kalunde akimtazama binti yake, kwa uwakilishi."

Nilinyoosha mkono nilichane. Bi Zamoyoni alikuwa nyuma yangu.

"Acha," akasema. "Nimekwisha kusoma."

Yaliyobaki alielezwa na Nyanzala. Siku ile mama yake aliamka alfajiri, akaoga, akapakwa mafuta, akakaa mlangoni kuelekea njia ya ulezi. Kuku alikuwa amechinjwa. Gari jeusi likaja. Mheshimiwa akatolewa na kiti chake, na msaidizi wa daftari akasoma kwa sauti, "Mimi, Zamoyoni Mkumbo, nimefurahi kukuona tena, mama yangu mpenzi."

"Zamo yuko wapi?" bibi akauliza.

"Huyu hapa ndiye Zamo," wakamwambia, "kisheria."

"Huyu ni mwanamume."

Mpiga picha akamwomba asogee karibu na asipepese. Wakamwonyesha karatasi yenye sahihi ya binti yake. Wakamsomea kwamba yeye Zamoyoni, kwa hiari yake na akili zake timamu, amemkabidhi mtu huyu siku zake zote na mambo yote ambayo angeyafanya katika siku hizo. Bibi akaitambua sahihi, maana ndiye aliyemfundisha bintiye kushika kalamu. Basi akamtazama Pazi, kwa sababu alidhani ndivyo mwanawe alivyotaka. Akamtazama sana. Pazi akala kuku, akalala saa tatu kwenye kitanda cha bibi, akaamka, akaondoka.

Juma lile lile jicho la kulia likazima.

Na mimi, adhuhuri ya siku ya gazeti, niliitwa kwa Bwana Meneja. Akaniamuru niandike katika daftari kwamba mfanyakazi Zamoyoni Mkumbo amekwenda likizo, amekwisha rudi, na hana siku hata moja anayoidai nchi. Niliandika. Mwandiko wangu ni mzuri, hata wasionipenda wanakubali.

*

Kesho yake, saa nne asubuhi, Bi Zamoyoni alisimamisha mashine namba kumi na moja. Akaifuta vumbi. Akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya kiti, akatembea kuelekea getini.

"Kibali?" askari akamuuliza.

"Nakwenda kwa mama."

Askari akafungua orodha niliyompelekea asubuhi ile. "Lakini hapa inaonekana umekwisha kwenda."

"Kama nimekwisha kwenda," Bi Zamoyoni akasema, "unamzuia nani?"

Askari alitafuta jibu katika kanuni na hakulipata. Akafungua geti.

Sote tulimwona. Mashine zote zilikuwa zinatazamana na mlango mkubwa unaoelekea getini, na ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Aligeuka mara moja, nafikiri alitaka kuona kama kuna mtu nyuma yake. Mtunza stoo aliinama kufunga viatu ambavyo havikuwa na kamba. Mimi nilikuwa naandika tarehe. Swichi kubwa ilikuwa hatua kumi kutoka dirishani kwangu na hakuna aliyeigusa, wala mimi sikuigusa. Akaenda.

Tangu hapo mambo ya nchi yamekwenda vizuri. Mpumzikaji Mkuu amepandishwa cheo na sasa anapumzika kwa niaba ya wauguzi na walimu pia. Kwa sababu ya uzito wa kazi hiyo amepewa naibu. Husemwa kuwa mgongo umepona.

*

Miezi mitatu baadaye nilitumwa Ruvundwe kupeleka barua. Kwa kuwa nilikuwa kazini sikuhitaji kibali. Nilishuka kwenye daraja la mbao nikafuata njia ya ulezi, na niliikuta nyumba bila kuuliza, maana nilikuwa nimesikia maelekezo yake.

Bi Zamoyoni alikuwa uani anapepeta mtama. Alikuwa amekonda kidogo, lakini hakukohoa muda wote niliokaa pale. Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka, ameegemea ukuta, macho wazi.

"Karibu, Karani," Bi Zamoyoni akasema, na hakushangaa.

Nikampa barua. Akaisoma amesimama. Ilisema kwamba amefukuzwa kazi kwa kosa la kwenda likizo mara ya pili, baada ya likizo yake halali kupumzikwa na kwisha. Akaikunja mara mbili akaitia mkononi mwangu.

"Waambie nimeipata."

"Dada Zamo, mimi..." nikaanza.

"Ni nani huyo?" bibi akauliza.

"Ni karani wa kule kiwandani, mama."

"Amekuja na gari?"

"Amekuja kwa miguu."

Bibi akatikisa kichwa. Nyanzala akaniletea maji. Nilipokuwa nakunywa bibi akaanza kusema, taratibu, bila kumwelekea mtu.

"Zamo yupo hapa siku zote hizi. Asubuhi ananiogesha. Nampapasa uso, nahesabu kila kitu, pua, paji, mashavu. Nasema, haya, nimempata. Halafu akifungua mdomo kuniita mama, najiwa na sura ya yule bwana. Ile shingo. Yale macho ya usingizi. Ndiye niliyemwona mwisho, basi ameketi humo, hatoki." Akageukia sauti ya ungo. "Walisema ni wewe uliyemtuma."

"Sikumtuma, mama."

"Sahihi niliiona."

"Sahihi ni yangu." Bi Zamoyoni akaweka ungo chini. "Tulimchagua. Aliniita dada, na mimi nikamwamini, tukamchagua."

"Watu wote?"

"Wote." Hakunitazama aliposema hivyo. Angenitazama ingekuwa nafuu.

"Na wewe ulinyoosha mkono?"

"Nilinyoosha, mama."

Kuku walipita kati yetu, na Nyanzala akasimama na kikombe changu bila kukichukua ndani.

"Basi nipe huo mkono," bibi akasema.

Bi Zamoyoni akapiga magoti kwenye mkeka akampa. Bibi akaushika kwa mikono yake miwili, akapitisha vidole kwenye makovu ya nyuzi za mkonge, moja moja. Kisha akauinua, akauweka juu ya macho yake, akaukandamiza hapo mpaka nilipoaga.